Kabla Hujailaumu Turbo

Leo naomba tuinue boneti. Nazungumza hasa na wenye magari ya turbo, ninyi wa Subaru Forester na Impreza mliojaa kuanzia Kimara hadi Ongata Rongai, pamoja na wale ambao bado wanatazama picha kwenye simu na kuhesabu akiba. Mwenye gari lisilo na turbo asiondoke, yapo yatakayomgusa.

Lalamiko ni lile lile kila gereji. Gari likiwashwa asubuhi linatoa moshi wa bluu, au linautoa baada ya kusimama sana kwenye foleni, pale dereva anapokanyaga mafuta kuondoka. Oili inapungua na chini ya gari hakuna tone. Fundi anafungua mpira wa intakula, kile kipoza hewa ya turbo, anapitisha kidole ndani, kinatoka cheusi kinang'aa. Hapo hapo hukumu inatoka: turbo imekufa. Mwenye gari wa Dar es Salaam anakwenda Gerezani, au kama yuko Nairobi anateremka Kirinyaga Road, anarudi na turbo ya mtumba imeviringishwa gazeti. Inafungwa. Baada ya wiki chache moshi umerudi, na sasa inasomwa hukumu ya pili: ringi zimekwisha, injini ifunguliwe.

Huenda fundi yuko sahihi. Turbo hufa, na ringi huisha. Ninacholalamikia mimi ni mpangilio wa kazi. Kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika mkasa huu hakikuguswa. Kuna vali ndogo isiyojaza kiganja, na kuna mipira michache inayoiunganisha na injini. Kazi yake ni kuiwezesha injini kupumua. Vali hiyo ikigoma, injini nzima yenye turbo nzima inaweza kuvuja na kufuka moshi, na mwenye gari akauza shamba kwa ugonjwa ambao haupo.

Tuanze chini kabisa. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda. Kinachoziba pembeni mwake ni ringi, na kila ringi ina mwanya wake, lazima iwe nao, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka. Petroli inapowaka juu ya pistoni, presha huwa kubwa mno, na kiasi kidogo cha gesi hupenya pembeni mwa ringi kikashuka kwenye chumba cha krenki, kule chini inakozunguka krenki na ilipo oili. Hii si hitilafu. Injini iliyotoka kiwandani leo asubuhi inafanya hivyo hivyo. Gesi inayoshuka imebeba mvuke wa maji, petroli ambayo haikuungua, masizi na vitu vyenye asili ya tindikali. Huko chini inakutana na oili inayorushwa na krenki, na vyote vinachanganyika kuwa ukungu mzito.

Ukungu huo lazima utoke. Funika sufuria la maharage, weka jiwe juu ya kifuniko, uone mchuzi utakavyojitafutia njia pembeni. Injini nayo hujitafutia: kwenye sili ya krenki ya mbele, kwenye sili ya nyuma upande wa giaboksi, kwenye gasketi za vifuniko vya vali. Wakati mwingine hata kijiti cha kupimia oili hujiinua chenyewe mahali pake. Ndiyo maana kuna mtu anabadilisha sili ya nyuma, anashusha giaboksi kwa gharama, na kabla ya mwaka kwisha inavuja tena. Sili haikuwa na kosa. Ilikuwa inasukumwa.

Zamani dawa yake ilikuwa bomba tu. Liliteremka kutoka kwenye injini likaning'inia chini ya gari, na upepo wa mwendo ukazivuta gesi zikamwagika barabarani. Mwendo ukiwa mdogo hakuna mvuto, na lori likiegeshwa linaacha doa lake. Hali hiyo iliisha kwa sababu ya Los Angeles. Jiji lile lilikuwa linafunikwa na ukungu mchafu unaowasha macho, na walipochunguza magari wakaona kwamba sehemu isiyo ndogo ya uchafu wa petroli haikutoka kwenye bomba la ekzosi, ilitoka kwenye pumzi za chumba cha krenki. Magari ya Marekani ya mwaka 1961 yaliyouzwa California yakafungwa mfumo wa kuzirudisha gesi hizo kwenye injini zikaungue, na mwaka 1963 mfumo ukaenea nchi nzima. Ndicho kifaa cha kwanza cha kupunguza uchafuzi kuwekwa kwenye magari, zaidi ya miaka 10 kabla ya katalisti. Wakati huo huo watengenezaji walipata faida ya pili: oili ilikaa safi muda mrefu zaidi, maana maji na petroli vilikuwa vinafagiliwa nje kabla havijaiharibu.

Kwenye injini isiyo na turbo kazi hii ni nyepesi. Pistoni zikivuta hewa huku mlango wa hewa ukiwa umefunguka kidogo, ndani ya manifodi, yale mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, kunakuwa na mvuto. Unganisha mpira kutoka chumba cha krenki hadi kwenye manifodi, weka vali katikati ya kupima kiasi, basi. Gari likiwa silensa, yaani linaunguruma bila kukanyagwa mafuta, mvuto ni mkali na vali inajibana, inapitisha kidogo. Ukiwa safarini kwa mwendo wa kawaida, vali inafunguka zaidi na kufagia kwa nguvu. Upande wa pili hewa safi iliyochujwa inaingia kupitia vifuniko vya vali kuziba pengo.

Sasa leta turbo. Ukikanyaga mafuta, turbo inasukuma hewa ndani ya manifodi ile ile ambayo dakika iliyopita ilikuwa inavuta. Kwenye Forester ya kiwandani presha hiyo hufika kama bar 0.8 juu ya hewa ya kawaida, ambayo ni zaidi ya theluthi ya upepo ulio kwenye tairi la gari dogo. Mpira uliokuwa njia ya kutolea gesi sasa unaweza kuwa njia ya kuingizia upepo kwenye tumbo la injini. Kwa hiyo vali ya gari la turbo imeongezewa wajibu. Presha ikipanda, lazima ijifunge kabisa na isipitishe hata pumzi.

Ikijifunga, gesi zipite wapi? Na hapo ndipo zinakuwa nyingi kuliko wakati wowote, kwa sababu presha juu ya pistoni imeongezeka na zinazopenya kwenye ringi nazo zimeongezeka. Wahandisi wa Subaru walifanya kama wenzao wengi: wakaweka njia ya pili. Kwenye injini za EJ za turbo, zile za lita 2.0 na 2.5, chumba cha krenki kina tundu la kupumulia juu ya bloku kwa nyuma. Mpira wake unagawanyika. Tawi moja linakwenda kwenye vali yetu na manifodi. Tawi lingine linakwenda kwenye bomba la hewa linaloingia turbo, kabla hewa haijabanwa. Vifuniko vya vali vya kushoto na kulia navyo vinaunganishwa na bomba hilo hilo. Turbo inapovuta hewa kwa nguvu, mahali hapo panakuwa na mvuto mdogo, na gesi za injini zinanyonywa kupitia huko. Mipira ile ile iliyokuwa inaingiza hewa safi gari likiwa silensa, sasa inatoa hewa chafu. Inafanya kazi pande zote mbili, tena inabadilika kila unapobonyeza na kuachia pedali.

Fikiria safari ya kutoka Morogoro kwenda Iringa, unapoanza kuupanda mlima Kitonga nyuma ya lori. Unakanyaga, turbo inajaza, vali inafunga na kubaki imefunga dakika nzima na zaidi. Muda wote huo injini inapumua kupitia bomba la turbo peke yake. Kama mpira mmoja umekunjika au umejaa tope la oili, utalijua hilo kabla ya kufika juu. Ukirudi unateremka, umeondoa mguu, mvuto wa manifodi unakuwa mkali kupita kiasi, na kama vali imekwama wazi, inafyonza oili kama ilivyo. Ukifika chini na kukanyaga tena, wingu la bluu linabaki nyuma yako na dereva wa basi anakupigia honi.

Kwa hiyo siwashangai watu wanaoona oili kwenye intakula. Kidogo ni kawaida. Kwa muundo huu, kila gari la turbo lenye njia ya pili hupitisha ukungu wa oili kwenye turbo na intakula yake, na baada ya miaka kadhaa utando mwembamba ndani ya bomba si ushahidi wa lolote. Ukilaza intakula ikamwaga oili ya kujaza kikombe, hapo ndipo tuanze mazungumzo.

Jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau ni namna turbo inavyorudisha oili. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na inaelea juu ya oili inayoletwa kwa presha ya pampu. Ikishamaliza kazi, oili hiyo haina presha tena. Imekuwa moto, imejaa povu, na inarudi kwenye injini kwa uzito wake tu, kupitia bomba nene linaloteremka. Haina msukumo mwingine. Na sili za turbo si za mpira kama zile za krenki. Ni ringi ndogo za chuma ambazo hutegemea presha ya hewa kuzuia oili, na hutegemea oili iwe inaondoka haraka. Presha ya chumba cha krenki ikipanda, oili inayotaka kurudi inakuta mlango umezuiwa. Inajaa ndani ya turbo, kisha inatoka kwa kupitia upande wa hewa na upande wa ekzosi. Moshi. Fundi anaifungua turbo, anakuta imelowa pande zote mbili, anaitupa. Anafunga nyingine, nayo inakuta mlango ule ule umezuiwa.

Nilisimama siku moja kwenye gereji fulani, Forester ya miaka ya 2000 ikiwa imeinuliwa boneti, turbo yake ya pili ikiwa imekwishaagizwa. Fundi aliyekuja kusaidia alikuwa kijana mkimya. Hakugusa turbo. Aliingiza mkono chini ya manifodi, mahali ambapo Subaru wameificha vali hiyo kiasi kwamba unaifanyia kazi kwa kupapasa, akafungua klipu, akauvuta mpira wake wenye kona. Mpira haukutoka mzima. Ulivunjika vipande mkononi, mgumu, umekaushwa na joto la miaka, na kwenye kona yake kulikuwa na ufa ambao usingeuona mpaka uukunje. Kisha akaifungua vali yenyewe kwa spana, akaifuta, akaweka mdomo upande wa manifodi akapuliza. Pumzi ikapita hadi upande wa pili. Alinipa nami nipulize. Ilipita kama bomba tupu. Maana yake, kila turbo ilipojaza, sehemu ya upepo wake ilikuwa inateremka moja kwa moja kwenye chumba cha krenki. Akamwambia mwenye gari, "Mzee, hii turbo usiinunue kwanza." Mzee alikaa kimya, halafu akauliza vali inauzwa shilingi ngapi. Alipotajiwa, alicheka kwa hasira.

Ukitaka kuipima yako, fanya hivyo hivyo. Puliza upande wa manifodi, isipite. Puliza upande wa chumba cha krenki, ipite. Wengi huitikisa tu sikioni, ikilia wanasema nzima. Kulia kunaonyesha kwamba haijagandamana na tope, hakuonyeshi kwamba inaziba. Na unaponunua, taja gari lako lina turbo. Vali ya gari lisilo na turbo inaweza kufanana kabisa na kuingia mahali pake vizuri, lakini haikutengenezwa kuhimili presha ya kurudi nyuma.

Kuna kipimo kingine, cha glavu. Injini ikiwa imepata moto na iko silensa, ondoa kifuniko cha oili na funika tundu kwa glavu nyembamba ya hospitali. Glavu ikinyonywa taratibu kuelekea ndani, injini yako inavutwa inavyopaswa. Ikisimama na kuvimba kama mkono, kuna presha. Usiogope ukiona gari linatetemeka au kutaka kuzima kifuniko kikiwa wazi; kwenye Subaru hizi sensa hupima kila hewa inayoingia, na ukifungua kifuniko unaingiza hewa isiyopimwa. Nimesikia mtu akiambiwa injini yake mbovu kwa dalili hiyo, ilhali ilikuwa inaonyesha afya.

Wenye Hiace za dizeli wanakijua kipimo cha kifuniko kuliko mtu yeyote. Mnunuzi anafika, anafungua kifuniko cha oili, anatazama moshi unavyofuka, anasema "hii inapumua," na bei inashuka papo hapo. Ni kipimo kizuri, ila kinasema nusu. Dizeli nyingi hazina mvuto kwenye manifodi, kwa hiyo kufuka kidogo ni kawaida yake. Na hata kwenye petroli, presha hiyo ina wazazi watatu: ringi zilizochakaa, njia iliyoziba, au turbo inayovujisha upepo wake kwenye oili. Badili kwanza vali na mipira, kisha rudia glavu. Ikivimba tena, sasa piga kompresheni, halafu fungua plagi moja moja, ingiza upepo wa kompresa kwenye silinda pistoni ikiwa juu, na sikiliza kwenye tundu la oili. Upepo ukivuma humo kwa nguvu, ni ringi kweli. Hapo mpe fundi ruhusa ya kufungua.

Kuna wanaosema, kama inatoa presha, tuiache itoke. Hawa ni vijana wetu wa ekzosi za kulia kama bunduki. Wanang'oa mipira, wanaziba matundu ya bomba la turbo, na wanaweka vichujio vidogo vya rangi juu ya vifuniko vya vali, gari lipumue nje. Nawaelewa, inapendeza kuitazama. Lakini gesi hizo zina monoksidi ya kaboni, na foleni ikisimama zinaingia ndani ya gari kupitia hewa ya kiyoyozi. Na ukiacha vali ya manifodi imeunganishwa huku upande wa pili uko wazi, injini itavuta hewa kupitia kichujio kile kidogo, hewa ambayo sensa haikuipima, pamoja na vumbi la barabara ya Chalinze. Ukiziba na ile ya manifodi, umeondoa ufagio wote. Maji yanabaki kwenye oili na tope linaanza.

Tope si maneno ya kutisha. Kwenye Subaru kadhaa za turbo za katikati ya miaka ya 2000, bomba linalopeleka oili kwenye turbo lina bolti yenye kichujio cha wavu ndani yake, kidogo sana. Oili iliyogeuka tope inakiziba, turbo inakaukiwa, na safari hii inakufa kikweli. Mtu aliyechelewesha kubadilisha oili na aliyeacha injini isipumue wamefanya kosa moja kwa njia mbili. Mwambie fundi akague bolti hiyo.

Wengine wamekwenda mbali kidogo na kufunga kopo la kunasia oili. Kopo hili limetoka kwenye mashindano. Sheria za FIA za magari ya mashindano zinasema gari ambalo injini yake inapumulia nje lazima liwe na tangi la kupokea oili, lisilopungua lita 2 kwa injini isiyozidi lita 2, na lita 3 kwa injini kubwa zaidi, tena liwe la kuonyesha kilichomo. Lengo la sheria hiyo ni oili isimwagike njiani ikamwangusha anayekuja nyuma. Kwa gari la nyumbani lengo ni jingine: ukungu usifike kwenye intakula na kwenye silinda. Na kuna sababu ya maana ya kutaka hivyo. Oili inayoingia na hewa huishusha oktani ya petroli, na injini ikishapigwa presha ya turbo huanza kugonga. Injini nyingi za Impreza zilizokuja kwetu zilitengenezwa kwa soko la Japani, ambako petroli ya daraja la juu hufika oktani 100. Hiyo si petroli ya kila kituo chetu. Injini ikigonga mara kwa mara, sehemu ya pistoni inayoshika ringi huvunjika, hasa kwenye zile za lita 2.5, na gesi zinazoteremka huongezeka ghafla. Mduara unajikaza.

Kwa hiyo silipingi kopo. Napinga kopo tupu. Mengi yanayouzwa kwa bei rahisi hayana kitu ndani, ni chombo chenye mdomo wa kuingilia na wa kutokea vikitazamana, na ukungu unapita bila kugusa ukuta. Linalofaa lina vizuizi au nyavu za chuma ndani, ukungu ugonge hapo na kugeuka matone. Mipira yake isiwe myembamba kuliko ya kiwandani, na isiteremke kisha ikapanda, maana oili hutuama kwenye bonde na kuziba. Kisha lazima limwagwe. Ukiishi Limuru, Njombe au Mbeya na safari zako ni fupi za asubuhi, usishangae ukikuta limejaa uji wa rangi ya maziwa. Ni maji yaliyochanganyika na oili, injini haikupata moto wa kuyafukuza. Likijaa bila kumwagwa, mlima unaofuata utayanyonya yote kwa mkupuo mmoja. Mtu asiye na tabia ya kufungua boneti hata kupima oili, abaki na mfumo wa kiwandani na abadilishe vali na mipira yake kwa wakati.

Halafu kuna oili ya kupita alama. Hili linafanyika kwa nia njema: fundi anamwaga galoni yote, "isibaki." Oili ikizidi, krenki inaichapa, inatoa ukungu mwingi, na ukungu unakwenda unakokwenda. Kabla ya kulaumu chochote, chomoa kijiti, kifute, kirudishe, usome. Injini ya Subaru imelala, silinda zake zinatazama kushoto na kulia, kwa hiyo kwenye kona ndefu oili hukusanyika upande mmoja wa kifuniko cha vali, karibu kabisa na tundu la kupumulia. Ziada kidogo inatosha.

Wenye Golf, Passat na Tiguan za 2.0 TSI, na wenye BMW za turbo, mfumo wenu una kiwambo chembamba cha mpira kinachopima mvuto. Kikichanika, dalili zinageuka: badala ya presha kunakuwa na mvuto mkali mno. Injini inapiga mluzi ikiwa silensa, kifuniko cha oili kinagoma kutoka mpaka uzime gari, silensa inayumba na taa ya injini inawaka. Sili ya nyuma ya krenki ikivutwa hivyo kwa muda mrefu huharibika. Magari haya, pamoja na Forester za turbo zilizokuja baada ya 2012, humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna petroli inayosafisha vali za kuingizia hewa. Oili yote inayopita kwenye manifodi inagandia hapo na kuwa mkaa. Baadaye inabidi manifodi ifunguliwe na vali zisuguliwe kwa kupuliziwa maganda ya jozi yaliyosagwa. Ni kazi safi, lakini si ya bei ndogo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Tanzania tunaleta hata ya zamani zaidi na kulipia nyongeza ya kodi. Vyovyote iwavyo, Forester inayoshuka melini Mombasa au Dar es Salaam ina mipira iliyokwishapikwa na joto la turbo kwa miaka, na picha za mnada hazionyeshi chini ya manifodi. Unapotenga fedha za oili ya kwanza, tenga na za vali hiyo na mipira yake yote, pamoja na klipu mpya. Na fundi akikuambia turbo imekufa, usibishane naye. Mwombe akuonyeshe vali, apulize mbele yako, ndipo mwendelee na hesabu ya turbo.